Picha haioneshi maji

Saa tano usiku, siku ya kwanza kabisa ya wageni wangu kufika Dodoma, simu inaita, naangalia ni mama mkubwa. Nikajua tu hapa kuna jambo. Mama mkubwa hanaga simu za saa tano, saa tatu huyo kashalala na redio kaiacha inaongea peke yake. Napokea, salamu hakuna, ananiuliza taratibu kwa ile sauti ya mtu mzima anayejizuia: "Mwanangu, hii nyumba uliyotupangia, maji yanafunguliwaga wapi?"

Nikamwambia fungua bomba la jikoni mama. Kashafungua. La bafuni? Kashafungua. Lile la nje karibu na geti? Shemeji yako katoka na tochi kwenda kuliangalia. Nyuma yake nasikia watoto wa dada wanagombania chupa ya maji ya kunywa, yule mkubwa anataka kunawia miguu maana siku hiyo upepo wa Dodoma ulikuwa umeamua kuwakaribisha vizuri, vumbi mpaka kwenye kope.

Sasa ngoja nieleze tulifikaje hapo, maana kosa ni langu na nimekaa nalo mwaka mzima.

Mi nipo Dodoma toka 2017, nilikuja na wizara zilipohama Dar, nikadhani nakuja kukaa miaka miwili nihamishwe, mpaka leo. Tunakaa mtaa wa Kisasa, nyumba ya vyumba viwili, sisi wawili, watoto watatu na dada wa kazi. Mdogo wangu naye akapata mchumba huku huku, binti wa Kigogo, mambo yakaenda vizuri, mahari ikaisha, ikapangwa harusi Jumamosi tarehe 14 Juni 2025. Kwanini Juni? Kwa sababu shule zimefungwa na watoto wa familia wote watakuja. Kamati ikaangalia ukumbi, ikaangalia MC, ikaangalia mpaka rangi ya vitambaa. Hakuna hata mmoja aliyeangalia kalenda ya Bunge, na mimi mwenyeji wa mji ndo wa kwanza kulaumiwa hapo.

Kwa wasioishi huku, Bunge la bajeti linaanza Aprili linakwenda mpaka Juni mwishoni. Miezi hiyo mji unajaa, na si wabunge tu, kuna wasaidizi, madereva, waandishi wa habari, maafisa wa taasisi kila moja imeleta watu wake kusikiliza bajeti yake, na wote hao wanalala mahali. Nyumba zipo kwakweli, toka serikali ihamie huku kila mwenye kiwanja Ilazo, Area D, Iyumbu, Njedengwa kajenga nyumba yake mbele na apatimenti mbili nyuma. Lakini mwenye apatimenti akipata mtu wa kumlipa miezi mitatu mfululizo, wewe na familia yako ya siku nne unaonekana usumbufu, mtamchafulia masofa bure. Na harusi yetu ilikuwa Jumamosi ya wiki ileile ambayo bajeti kuu inasomwa Alhamisi. Yaani tungetafuta wiki mbaya zaidi ya hiyo tusingeipata.

Wageni wa kulaza walikuwa 11. Kutoka Dar saba: mama, mama mkubwa, dada na shemeji na watoto wao watatu. Kutoka Mwanza wanne: baba mdogo, mama mdogo, binti yao na bibi. Nikapiga hesabu ya gesti, zile za kawaida tu zenye choo ndani, chumba 40,000, vyumba sita, siku nne, hapo ni 960,000 na bado hawajala. Halafu ukishawatawanya watu kwenye gesti unawapoteza, bibi kalala ghorofa ya pili peke yake hajui hata taa inazimwaje, mama mkubwa ana sukari anakula kwa saa na si kila jiko la gesti litampikia uji wa ulezi saa moja asubuhi bila chumvi bila sukari, watoto wanakimbia kwenye korido na watu wa semina wanalalamika. Nyumba ya kupanga ya siku chache kwa familia ni kitu kingine kabisa. Mnapika, mnafua, wamama wanakaa jikoni mpaka saa saba wanapanga harusi upya na kuisema kamati, na kwangu hiyo ndo harusi yenyewe, ile ya ukumbini ni ya picha.

Basi nikaingia mtandaoni. Nikaikuta nyumba moja kwenye programu ya kupangisha nyumba za siku chache, jamani nzuri! Vyumba vitatu, malumalu zinang'aa, makochi ya kijivu, mapazia mpaka chini, luninga kubwa ukutani, jiko la gesi, maua ya plastiki mezani, "inalaza watu 12, dakika 10 kutoka katikati ya mji". Bei 200,000 kwa usiku. Nikamwandikia, akanijibu chapchap kijana mmoja ambaye nilidhani ndo mwenye nyumba kumbe ni dalali anaisimamia, mwenye nyumba yupo Dar. Akaniambia sista, tukitoka huku kwenye programu nakufanyia 180,000, hawa wanakata sana. Siku nne hapo naokoa 80,000, akili yangu ikaenda moja kwa moja kwenye kitenge cha sare. Nikamtumia nusu, 360,000, kwa simu, jina likaja tofauti na alilonitajia, nikauliza, akasema ni laini ya mke wake. Nikasema poa.

Nisimame hapa kidogo. Hiyo asilimia wanayokata hawa wa programu si ya bure, na hili nilikuwa nalijua. Chukua Airbnb, ukilipa hela haimfikii mwenyeji saa ileile, inakaa kwao, anaachiwa kama masaa 24 baada ya muda wako wa kuingia, na ukikuta nyumba si ile ya kwenye picha una masaa 72 toka ugundue tatizo uwaripotie na picha zako. Tena wao kabla hujalipa mara nyingi hawakuoneshi hata nyumba ilipo hasa, ramani inakupa duara tu, mahali halisi unapata ukishathibitisha. Sasa ukitoka nje na dalali ukamtumia hela kwa simu, hiyo hela imekwenda kama nauli ya bodaboda, na maoni ya wageni waliopita hayakusaidii tena kwa sababu na wewe hutoandika ya kwako, kwao hujawahi kulala pale. 80,000 yangu niliyookoa ndo ilikuwa bei ya vitu vyote hivyo.

Lakini aibu yenyewe iko hapa: mi naishi Dodoma. Nyumba ipo Dodoma. Nina gari, bovu lakini linatembea. Sikwenda kuiangalia! Kila siku nasema kesho nikitoka kazini, kesho kuna kikao cha kamati, keshokutwa fundi nguo hajamaliza, mpaka Jumatano ikafika na watu wako njiani.

Wa Dar walikuja na treni ya SGR, hiyo sina neno nayo. Nauli ya kawaida 31,000 mtu mzima, mtoto wa miaka minne mpaka kumi na mbili analipa nusu, chini ya hapo bure, kwahiyo wakubwa wanne na watoto wale watatu, mdogo akiwa na miaka mitatu, ikatoka 155,000. Mama anasema alipofumbua macho wapo Morogoro, kafumba kidogo wapo Dodoma, anadai usingizi wake umekatishwa. Wa Mwanza walikuja na basi kupitia Shinyanga na Singida, alfajiri mpaka jioni, bibi miguu imevimba.

Na hapo ndo nikajua nyumba iko wapi, kwa sababu Jumatano mchana ndo dalali alinitumia lokesheni. Nala. Anayejua Dodoma ashaanza kucheka. Nala iko barabara ya Singida, magharibi ya mji. Stendi kuu ya mabasi iko Nanenane, mashariki, barabara ya Dar. Yaani basi la bibi yangu lilipita Nala, likapita karibu na ile nyumba, likakatiza mji mzima, likaenda kumshusha Nanenane, halafu mi nikampakia nikamrudisha mji mzima mpaka Nala. Bibi akachungulia dirishani akasema "hapa si tulipita?" Nikamwambia hapana bibi, Dodoma inafanana fanana. Mungu anisamehe. Dakika 10 kutoka mjini labda uwe kwenye msafara wa kiongozi, barabara imefungwa na trafiki wanakupigia saluti.

Kuingia ndani, sikatai, makochi ni yaleyale, malumalu ni zilezile, mpaka maua ya plastiki yapo. Picha hazikudanganya. Tukapiga picha na sisi tukatupia kwenye grupu la familia, mashangazi wa Moshi wakaandika hongera mwanetu. Mi nikarudi kwangu Kisasa kuwahi kikao. Maji muda ule yalikuwa yanatoka, nilinawa mikono mwenyewe.

Kilichotokea baadaye ni hivi. Wamefika watu 11 wana vumbi, wote wameoga, wengine mara mbili. Tanki la juu likaisha. Kwenye nyumba ile tanki la juu linajazwa na mota kutoka tanki la chini. Mota inatumia umeme. Umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, ulikuwa umebaki uniti nne, na watu wa Dar Juni ya Dodoma hawaiwezi, mji uko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, usiku baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, kila aliyeingia bafuni kawasha hita. Saa nne na nusu giza. Dalali simu imezimwa. Shemeji akaamua anunue umeme, namba ya mita iko kwenye mita yenyewe, akatoka na simu ya tochi, mita iko juu ukutani nyuma ya nyumba, kapanda kwenye ndoo, anamsomea dada tarakimu moja moja, dada ananunua kwa simu, zikaja zile namba 20 za tokeni, mtoto wa miaka kumi akawa anamtajia baba yake azibonyeze, wakakosea, wakarudia, wakakosea, mara ya tatu taa ikawaka na watu wakapiga makofi kama wameona goli.

Mota ikawashwa. Ikanguruma. Ikanguruma weee, bomba likakohoa hewa, basi. Tanki la chini nalo tupu. Mlinzi wa jirani ndo akawaambia kwa ustaarabu kabisa kwamba maji ya mtaa ule yanatoka kwa zamu, mara mbili kwa wiki, na zamu ya jana haikufika huku mwisho.

Ndo mama mkubwa akanipigia.

Mume wangu hakusema kitu. Ana tabia hiyo, akikasirika anakuwa mchapakazi. Akatoa madumu yote ndani, sita ya lita 20, akayajaza kwenye tanki letu, akapakia kwenye gari, tukakatiza mji saa sita usiku maji yanapiga chubwi chubwi nyuma kila tukipita tuta. Tukasimamishwa na askari, akamulika nyuma, akauliza mnapeleka wapi maji usiku huu? Mume wangu akamjibu "harusini." Akatuangalia kidogo, akasema haya, pole sana.

Lita 120 kwa watu 11. Bibi akaogeshwa kwa kopo, kama alivyotuogesha sisi Mwanza, akasema maji ya kopo ndo yanatakata. Wengine wakapiga pasi, uso na miguu. Asubuhi dalali akawasha simu, "sista kuna changamoto kidogo ilitokea", nikampigia kelele ambazo sizirudii hapa, mwenye nyumba akaja hewani kutoka Dar akiwa mpole, boza la maji likaletwa saa tano, tukagawana gharama nusu kwa nusu kwa sababu eti umeme na maji "ni juu ya mgeni kidogo". Kidogo ni kiasi gani, hakuandika popote. Halafu kwenye kumalizia hela akanitajia kwa dola, nikamwambia baba, toka Machi 2025 kuna kanuni inayokataza kutaja bei za humu ndani kwa hela za kigeni, sema shilingi. Akasema shilingi. Angalau hapo nilishinda.

Na hiyo "inalaza watu 12" niliielewa usiku uleule. Vitanda vitatu, viwili vya tano kwa sita na kimoja cha sita kwa sita, wengine wote waliobaki walikuwa wamehesabiwa kwenye makochi na kwenye godoro moja jembamba lililosimamishwa nyuma ya kabati. Nisiwe mnafiki, biashara yenyewe ya Airbnb ilianza na magodoro sakafuni, jamaa wawili San Francisco walikosa kodi mwaka 2007 wakatandika magodoro ya kujaza upepo sebuleni kwao wakakaribisha wageni wa mkutano, na hiyo "air" kwenye jina ni ya godoro. Sawa. Lakini wao walisema ni godoro.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba miezi sita kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kila kitu sawasawa, kwenye mji nisioujua.

Desemba 2024 tulikwenda Zanzibar, sisi na watoto watatu, treni mpaka Dar, tukalala kwa dada Kimara, asubuhi boti, kama masaa mawili hivi uko Unguja. Watoto wangu ni wa Dodoma jamani, bahari wanaijua kwenye luninga, nikataka nyumba ambayo wakiamka wanaiona. Nikaipata Jambiani, nyumba ndogo ya makuti, vyumba viwili, kwenye picha bahari ya kijani imejaa mpaka kwenye ngazi za baraza. Nikamwandikia mwenyeji, mama mmoja wa pale pale, maswali kama 20, maana ugenini mtu unakuwa na akili. Akanitumia voisi, na ninayo mpaka leo. Akaniuliza: "Mwanangu, waja tarehe ngapi?" Nikamwambia 14 mpaka 18. Akanyamaza kidogo, unamsikia anahesabu, akasema: "Siku hizo mwezi mpevu, bamvua hiyo. Maji yatakupwa mbali, saa nne za asubuhi bahari huioni, ishakwenda mwambani huko, watoto watatembea kwa miguu tu. Yarudi saa kumi za jioni. Ukitaka waoge bahari kutwa, nenda Nungwi au Kendwa, kule hayendi mbali. Ukitaka hapa, njoo wakati wa maji mafu, hayaendi mbali."

Mnaona huyo mama? Picha yake mwenyewe inaonesha bahari imejaa, anakuja kuniambia kwamba hiyo ni ya jioni tu, na ananielekeza kwa washindani wake. Nikamlipa siku ileile. Tukaenda na bamvua yetu. Na kweli, asubuhi ya kwanza mwanangu wa kati alitoka nje akarudi mbio, "mama bahari imeibiwa!" Mchanga na majani mpaka upeo wa macho, na wamama wako mbali kule wameinama kwenye mashamba ya mwani, vijiti vimepangwa mistari kama shamba la zabibu la huku kwetu. Tukatembea, tukaona pweza, nyota za bahari, mdogo akakanyaga kitu akalia nusu saa. Saa kumi bahari hiyo inakuja, inapanda, inafika kwenye ngazi, wakaoga mpaka Magharibi. Hakuna aliyelalamika kwa sababu tuliambiwa kabla.

Sasa mtu aliyeuliza kuhusu mwezi na maji ya bahari Jambiani, akashindwa kuuliza tanki la Nala. Kwenu unadhani unajua.

Siku hizi mi ndo waziri wa malazi wa ukoo mzima, kila mwenye safari ananipigia, na nimekuwa msumbufu, wenyeji wengine wananizima kwenye WhatsApp najua. Naanza na maji. Sisemi "maji yapo?" maana hilo jibu lake ni yapo, hajawahi kuzaliwa dalali wa kusema hayapo. Nauliza tanki la lita ngapi, la juu au la chini, zamu ya mtaa wenu siku gani, yakikatika mnafanyaje, nani analipa boza. Mwenye majibu anayatoa bila kufikiri. Asiye na majibu anakutumia picha ya sebule.

Halafu LUKU: naingia nikiwa na uniti ngapi, na nipe namba ya mita sasa hivi, si nikifika. Vitanda nauliza kwa futi, kimoja kimoja, na nani amehesabiwa kwenye kochi. Na choo, hapa watu wanaona aibu lakini uliza, choo cha kukaa au cha kuchuchumaa, maana kwenye picha utaoneshwa kile cha chumba kikubwa tu, halafu ukifika cha pili kiko nje na kile cha ndani kina ngazi mbili, na una mtu mzima mwenye magoti. Mama mkubwa Nala alikuwa anashikwa mikono na wajukuu wawili kila akienda, akawa anaahirisha kunywa maji ili asiende, mtu wa sukari. Hilo silisahau kuliko hata yale maji kukatika.

Sufuria kubwa pia. Nyumba zina sahani sita, vikombe sita vya kufanana na sufuria ya kuchemshia yai, unakwenda kupikia watu 11 hapo ni maigizo. Sisi tulibeba masufuria ya kwangu. Mtungi wa gesi utikise ukifika, usiuangalie tu.

Lokesheni, kama mwenye nyumba hataki kukutumia kabla ya hela, sawa, wengine wanaogopa wezi, lakini akutajie mtaa na barabara ya lami iliyo karibu halafu wewe mpigie mtu yeyote unayemjua mji huo, hata yule mliyesoma naye sekondari mkapotezana. Kwa Dodoma nipigieni mimi.

Na tarehe. Ukija huku Aprili mpaka Juni tafuta nyumba mapema sana, au kubali kukaa pembeni ya mji ukijua unakaa pembeni. Ikishapita hiyo miezi bei zinashuka na wenye nyumba wanaanza kukuita "mteja wangu". Kama ratiba ni yako mwenyewe, subirini Julai.

Ila familia haisubiri Julai. Wifi yangu wa Iringa anakuja Juni hii na watoto wanne na mama mkwe, na mama mkwe ni mama mkwe, hapo hakuna cha kuoga kwa kopo na kucheka. Nimepata nyumba Ilazo, ya mama mmoja mstaafu, anakaa nyumba ya mbele, ya nyuma ndo anakodisha. Juzi nimempigia simu ya video, nikamwamkia, shikamoo mama, nikamwambia samahani sana, usione nakusumbua, naomba unifungulie bomba la bafuni nione.

Akanyamaza. Nikajua kashaniona mshamba.

Akaondoka na simu inatikisika, naona dari, naona kanga yake, naona mlango, akafika akafungua bomba, maji yakashuka kwa nguvu mpaka yakairukia simu, skrini ikawa ukungu mtupu, nasikia tu sauti yake: "Unaona? La jikoni nalo nikufungulie? Na choo je, nikuoneshe, ni cha kukaa. Mwaka jana wakati wa Bunge nilikodi nyumba Dar kwa ajili ya kliniki ya mzee, we acha tu mwanangu. Ngoja nipande nikuoneshe na tanki."

Nikamwambia hapana mama usipande. Akapanda.